Edinburgh: uje Mei, Agosti au Desemba?

Mdogo wangu alitua Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, tarehe 27 Desemba akitokea Muscat. Kesho yake alilala mpaka saa nne asubuhi kwa uchovu wa safari, akaoga, akanywa chai taratibu, tukatoka. Tulipiga picha mbili tatu chini ya mnara wa mwandishi Walter Scott pale Princes Street, tukaingia mahali kula wali na kondoo, na tulipotoka taa za barabarani zilikuwa zinawaka. Akatazama simu yake. Saa kumi na robo jioni.

"Dada, ina maana magharibi imeshaingia?"

Iliingia zamani. Jua lilizama saa kumi kasorobo, yeye bado yuko kwenye sahani. Alikuwa na siku nne tu mjini, na ya kwanza ilikwisha bila kuiona ngome kwa mwanga wa mchana.

Nimekaa mji huu miaka mitatu, na kila mwezi kuna ndugu au rafiki anayeniuliza aje lini. Karibu wote wanaulizia baridi. Siku hizi baridi naiacha kwanza, naanza na mwanga, kwa sababu baridi dawa yake koti, na koti linapatikana hata kwa shilingi za mtumba. Mchana uliokwisha saa kumi kasorobo huwezi kuununua popote.

Sisi saa yetu imekaa juu ya jua la ikweta. Saa kumi na mbili kunakucha, saa kumi na mbili jua linazama, mwaka mzima, dakika chache huku na huku. Edinburgh iko karibu nyuzi 56 kaskazini, na huko hesabu hiyo inavurugika kabisa. Katikati ya Juni jua linachomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa nne usiku, mchana wa saa kumi na saba na nusu. Mwishoni mwa Desemba mchana ni wa saa saba tu. Mtu anayekuja kwa siku nne za Juni na mtu anayekuja kwa siku nne za Desemba hawakununua safari ya urefu mmoja, hata kama tiketi zao zina siku sawa.

Nimepanga hapa nyakati tatu ambazo watu huniuliza zaidi. Saa nimeziandika kwa Kiswahili chetu.

| | Katikati ya Mei | Katikati ya Agosti | Mwisho wa Desemba |
|---|---|---|---|
| Jua kuchomoza | 11:00 alfajiri | 11:45 alfajiri | 2:45 asubuhi |
| Jua kuzama | 3:10 usiku | 2:50 usiku | 9:40 alasiri |
| Joto la mchana | nyuzi 14 au 15 | nyuzi 19 | nyuzi 7 |
| Watu | wa kiasi | mji umefurika | umefurika hadi mwaka mpya, kisha kimya |
| Chumba | bei ya kawaida | ghali kuliko mwezi wowote | ghali hadi 2 Januari, kisha nafuu |

Nyuzi 19 za Agosti zisikudanganye. Hiyo ndiyo joto lao la juu, na upepo wa bahari ya Kaskazini haupumziki. Aliyekulia Makete au Limuru atavumilia Edinburgh vizuri tu. Wa Tanga na Mombasa atahitaji sweta hata mwezi wa nane.

Agosti: mwezi wa tamasha

Mwaka 1947, vita vikiwa vimekwisha miaka miwili tu, Edinburgh ilianzisha tamasha la kimataifa la muziki na tamthilia. Vikundi vinane havikualikwa. Vikaja hivyo hivyo, vikatafuta kumbi zao pembeni, vikacheza. Hapo ndipo ilipozaliwa Fringe, na leo hiyo ya pembeni imeimeza ile ya mwaliko: maonyesho zaidi ya 3,000 katika wiki tatu na ushei, kwenye majumba ya tamthilia, makanisa, vyumba vya chini vya baa, madarasa ya chuo kikuu. Juu yake kuna tamasha la vitabu, na kuna Tattoo, gwaride la bendi za kijeshi mbele ya ngome, ambalo limekuwapo tangu 1950.

Mama yangu mdogo alikuja Agosti kutoka Tanga. Nilimkatia tiketi ya Tattoo miezi mingi kabla, maana hizo huisha mapema. Tulikaa kwenye majukwaa, ngome nyuma ikiwa imewashwa taa, kimanyunyu kinashuka, na mara lango likafunguka na zile zumari za mfuko zikatoka kwa mamia, ngoma zikifuata. Mama mdogo alinishika mkono. "Mwanangu, hii ni beni!" Na kweli alivyosema, kwa sababu beni ya pwani yetu ilizaliwa kwa kuigiza gwaride kama hizi, na bibi yake alikuwa akiicheza. Aliimba chini chini mpaka mwisho, mvua inamwagika kwenye kofia yake. Onyesho haliahirishwi kwa mvua, kwa hiyo nenda na koti la mvua lenye kofia. Mwavuli utamziba wa nyuma yako, na upepo wenyewe hautakuachia.

Kama roho yako inapenda tamthilia, vichekesho, ngoma na watu, sitakushauri mwezi mwingine. Hakuna mahali pengine nilipowahi kuona mtu akitoka kwenye mchezo wa Kikorea saa tano asubuhi, akaingia kwenye muziki wa Kigaeli saa nane, akamaliza na mchekeshaji asiyejulikana kwenye chumba cha viti thelathini. Maonyesho mengine ni ya bure, unatia chochote kwenye ndoo mlangoni.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Royal Mile, barabara ya mawe inayoshuka kutoka ngomeni hadi kasri la Holyrood, mwezi huo haipitiki kwa haraka. Kila hatua tano unapewa karatasi ya tangazo. Mama mdogo ana magoti mabaya, na mji wa kale umejengwa juu ya mgongo wa mlima, ngazi kila kona. Tulitumia muda mwingi kutafuta mahali pa yeye kukaa kuliko kutazama kitu. Ngome yenyewe tulikosa, tiketi za siku hizo zilikuwa zimekwisha kwenye mtandao.

Na chumba. Mimi nilikuwa nimehama kwa muda, nyumba yangu haikuwa na nafasi, nikachelewa kutafuta hadi Juni. Vilivyobaki mjini vilikuwa vya bei isiyosemeka. Tukaishia Dunfermline, ng'ambo ya ghuba ya Forth, tukivuka daraja kwa treni asubuhi na usiku. Si mbali, ila mzee aliyetoka kwenye Tattoo usiku wa manane, kalowa, kisha anangoja treni, hiyo si raha. Ukitaka Agosti, chumba kitafute Januari au Februari. Jaribu mabweni ya chuo kikuu, wanafunzi wakiwa likizo hupangishwa kwa wageni, ni masafi na hayana mbwembwe. Wengine hulala Glasgow, treni ni kama dakika 50, na bei ya huko haipandi kwa kasi ile.

Kuna kodi mpya ya wageni pia. Kuanzia tarehe 24 Julai 2026 malazi ya kulipia Edinburgh yanaongezwa asilimia 5, kwa usiku tano za mwanzo mfululizo. Ni asilimia, kwa hiyo chumba cha Agosti kikiwa ghali, na kodi yake inapanda nacho.

Mei: mwezi ninaoupenda

Sifichi upande wangu. Nusu ya pili ya Mei ndiyo ninayowaambia ndugu zangu wengi.

Sababu ya kwanza nimekwisha kuitaja, mwanga. Saa tatu usiku bado unaona rangi za maua. Watoto wanacheza mpira kwenye viwanja vya nyasi vya Meadows, wanafunzi wamelala kwenye nyasi na vitabu vya mtihani usoni, na wewe unaweza kumaliza jumba la makumbusho saa kumi na moja jioni na bado ukapanda mlima. Sababu ya pili, mvua ya Mei kwa kawaida ni ndogo kuliko ya Agosti. Watu huamini kiangazi ndicho kikavu, Edinburgh sivyo.

Sababu ya tatu ni Arthur's Seat. Huu ni mlima wa volkano iliyokufa, mita 251, uko katikati ya mji kabisa, dakika chache kwa miguu kutoka Royal Mile. Mwezi wa Mei mteremko wake unajaa vichaka vya miba vyenye maua ya njano kali. Wifi yangu alipokuja tulipanda asubuhi moja ya jua, mimi mbele, yeye nyuma akipumua kwa nguvu. Tukafika mahali njia inapopita katikati ya vichaka vile, akasimama ghafla.

"Wifi, nani anakuna nazi hapa?"

Nilicheka kwa furaha, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza na mimi nilisimama hapo hapo na kugeuka nyuma. Maua yale yananukia nazi. Jua likiyapiga kidogo, harufu inatoka wazi, kama jikoni mtu amekaa kwenye mbuzi na kifuu mkononi, tui bado halijakamuliwa. Alichuma ua moja kwa tahadhari ya miiba, akalisugua viganjani, akanusa mara tatu. Halafu akakaa kwenye jiwe akatazama chini: paa za mawe, ngome, na ghuba ya Forth ikimeta. Ukija Agosti, njano ile huikuti tena.

Mei pia kuna nafasi ya kufuata nyayo zetu wenyewe. Mwalimu Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, akaondoka na shahada ya M.A., ambayo huko ni shahada ya kwanza. Tembea George Square na mitaa inayoizunguka wakati wa Mei, wanafunzi wakipishana na mafaili, utamwona kwa akili kijana wa Butiama akivuka hapo na koti zito. Kwenye bustani ya Princes Street, karibu na mnara wa Scott, kuna sanamu ya David Livingstone. Wifi alisimama mbele yake kimya muda mrefu, kisha akauliza Susi na Chuma wako wapi. Hawapo. Hao ndio waliobeba maiti yake kutoka bara hadi Bagamoyo, na mimi kila nikipita hapo nawataja kwa sauti.

Ubaya wa Mei upo, tena mmoja unawakamata wengi. Kasri la Holyroodhouse hufungwa kwa wageni kama wiki moja mwezi huo, kwa sababu mwakilishi wa mfalme anakaa hapo wakati wa mkutano mkuu wa Kanisa la Scotland. Tazama tarehe kwenye tovuti ya kasri kabla hujakata tiketi ya ndege. Hufungwa tena mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai, mfalme mwenyewe akija. Ubaya wa pili ni haar, ukungu wa baharini. Siku inaanza na jua, halafu kitu cheupe kinapanda kutoka baharini na ndani ya nusu saa ngome haionekani. Unaweza kukuta Glasgow kuna joto na Edinburgh mnatetemeka. Huja Aprili hadi Septemba, haupigi hodi. Kwa hiyo siku za kupanda mlima usizipange mapema. Asubuhi fungua pazia, ukiona juu kumetakata, nenda siku hiyo hiyo.

Usiku wa tarehe 30 Aprili kuna sherehe ya moto ya Beltane pale Calton Hill, ngoma na watu waliojipaka rangi mwilini wakiukaribisha msimu. Anayependa mambo ya mila aanzie safari hapo. Mwenye watoto wadogo au mzee wa kulala mapema, aipite.

Septemba ni pacha mdogo wa Mei: umati umeondoka, bei zimeshuka, jua linazama kama saa mbili usiku mwanzoni mwa mwezi. Kama kazi au shule inakuzuia Mei, chukua hiyo bila wasiwasi.

Desemba, na wiki zinazofuata

Waskoti mwaka mpya wanauita Hogmanay, na kwa miaka mingi uliwashughulisha kuliko Krismasi. Sherehe za Edinburgh huchukua siku kadhaa, fataki zinarushwa kutoka ngomeni usiku wa manane, na Princes Street inafungwa magari kwa sherehe ya tiketi. Kuanzia katikati ya Novemba kuna soko la Krismasi kwenye bustani, taa kila mti. Ni pazuri, mdogo wangu alikubali hivyo, hasa kwa kuwa giza la saa kumi linazipa zile taa muda mrefu wa kung'aa.

Ila sherehe iko nje, na nje ni kwa upepo. Mwisho wa 2024 sherehe za barabarani na fataki zilifutwa kwa sababu ya hali ya hewa, na haikuwa mara ya kwanza. Mtu aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya usiku mmoja tu ameweka mayai yote kwenye kapu moja, na kapu lenyewe linapeperuka. Jua pia kwamba tarehe 25 Desemba treni hazitembei kabisa na ngome imefungwa siku hiyo na ya pili yake, na Scotland ina sikukuu mbili mwanzoni mwa mwaka, tarehe 1 na 2 Januari. Ngome majira ya baridi hufungwa saa kumi na moja jioni, mapema kwa saa nzima kuliko kiangazi.

Kwa Mwislamu kuna hesabu yake. Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya saa tatu na nusu, kwa hiyo panga matembezi kuuzunguka msikiti mkuu wa Potterrow, ambao uko karibu na chuo kikuu na makumbusho, au utapitwa kama mdogo wangu. Juni shida ni kinyume: usiku hauingii giza kamili, isha inachelewa mno na alfajiri inaifuata mgongoni. Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari na kurudi nyuma kuelekea Januari, na funga ya huko wakati huo ni nyepesi kuliko ya nyumbani. Mchana wa saa nane na kitu mwishoni mwa Januari! Nimefunga hapa kwa raha ambayo Tanga sijawahi kuipata.

Na hizo wiki za Januari na Februari ndizo siri ya mwenye mfuko mdogo. Vyumba vinashuka bei, mji unabaki na wenyewe. Makumbusho ya Taifa pale Chambers Street na jumba la taifa la sanaa havina kiingilio mwaka mzima. Watoto wapeleke Makumbusho wakamwone Dolly, sasa ni mwili uliokaushwa tu, kondoo wa kwanza wa kunakiliwa kutoka seli ya kondoo aliyekomaa, aliyezaliwa 1996 jirani na mji huu. Angalia tu ratiba ya raga: Februari na Machi, Scotland inapocheza nyumbani pale Murrayfield, mwishoni mwa wiki hiyo hupati kitanda.

Viza isije ikakuchagulia mwezi

Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo tunahitaji viza ya Uingereza. Ombi hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, si zaidi, na jibu kwa kawaida huchukua wiki tatu baada ya alama za vidole. Wanaokuja Mei waombe Februari. Wanaokuja Agosti wataomba Mei au Juni, miezi ambayo wanafunzi wa Septemba nao wanaanza kupanga foleni, na chumba lazima uwe umekishika tangu zamani. Kwa hiyo cha Agosti shika kile kinachoweza kufutwa bila kulipa, hata kama bei yake ni ya juu kidogo. Ndugu wenye pasi ya Oman, za nchi nyingi za Ulaya, Marekani au Kanada, kazi yao ni kibali cha kielektroniki tu, na ndiyo maana mdogo wangu aliweza kuamua kuja Desemba wiki mbili tu kabla ya safari.

Koti usinunue dukani kwa bei ya mtalii. Pita mitumba kabla hujaondoka, Gikomba au Memorial ya Moshi, utapata la manyoya ndani na lisilopitisha upepo. Ukisahau, maduka ya hisani ya Edinburgh, Nicolson Street na Stockbridge, yanauza makoti yaliyovaliwa kidogo kwa bei ya chakula cha mchana.

Wiki hii binamu yangu wa Bujumbura amenipigia. Ana siku sita, mke na mtoto wa miaka saba, na fedha za kuhesabu. Alitaka Agosti kwa sababu ndiyo aliyoisikia. Nikamuuliza kama kuna onyesho lolote analolitaka kwa jina. Hana. Mtoto anapenda kupanda vitu na kuwatazama wanyama. Nimemwambia aje tarehe 20 Mei, alale karibu na Meadows, aangalie siku za kasri kufungwa, na siku ya kwanza yenye jua, hata kama ni ile ya kuwasili, tupande wote Arthur's Seat. Ile harufu sitamwambia. Nitatembea nyuma yao nisubiri nani atasimama kwanza.